Tarikhi Iliyochorwa Juu ya Magunia ya Unga

Gunia la unga likishamwagwa unga wake hupata kazi ya pili: hutiwa makaa, hutandikwa chini, au hukatwa likawa tambara. Katika mji wa Lubumbashi, kusini mashariki ya nchi ya Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lilikuwa na kazi ya tatu: lilikatwa vipande, likawambwa juu ya kiunzi cha mbao mithili ya ngozi ya ngoma, likapakwa rangi mpaka matundu ya nyuzi zake yakazibika, kisha juu yake ikachorwa picha, na picha hiyo ikatembezwa mitaani kutafuta mnunuzi. Miongoni mwa wachoraji waliokula kwa kazi hiyo alikuwamo kijana mmoja, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, ambaye hakutosheka na kuchora yale tu yaliyokuwa na soko. Na baina ya mwaka 1973 na 1974 akachora picha mia na moja, zikifuatana kwa mpango, aghalabu zikiwa na maneno aliyoyaandika humo humo katika rangi, na zote pamoja zikawa tarikhi ya nchi yake tangu zama za kufika kwa Wareno hata siku alizokuwa akiishi mwenyewe.

Wanazuoni wana jina lao kwa kazi ya namna hii. Huiita historia kutoka chini, yaani ile inayomtazama mpagazi kabla ya msafiri aliyebebwa machelani, na mchimba shaba kabla ya mkurugenzi wa kampuni. Walakini hata historia hiyo mara nyingi huandikwa na waliosoma kwa niaba ya wasiosoma: mnyonge huitwa kama shahidi anavyoitwa barazani kwa kadhi, huulizwa, hueleza aliyoyaona, kisha huambiwa akae pembeni, na mtu mwingine ndiye anayeyatwaa maneno yake na kuamua lipi litangulie, lipi lifuate, na lipi liachwe. Tshibumba hakuikubali nafasi hiyo ya shahidi. Alijitwalia nafasi ya mpangaji, akajiita mwanahistoria pasipo kuomba ruhusa ya mtu, na kisa chake kinastahili kusimuliwa kwa wasaa, hasa kwetu sisi, kwa kuwa maelezo ya picha zake aliyatoa kwa Kiswahili.

Sharti kwanza tuujue mji wenyewe. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906 ili ichimbe shaba ya Katanga. Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ikafika, na hapo Wabelgiji wakaanzisha mji huo wa Lubumbashi, wakauita Elisabethville kwa jina la malkia wao. Shaba ilikuwa nyingi na watu wa kuichimba walikuwa wachache, kwa hiyo wakakusanywa kutoka Kasai, na Maniema, na Rhodesia ya Kaskazini, na Ruanda-Urundi, kila kabila na lugha yake. Na Kiswahili, ambacho kilikuwa kimekwisha kuingia bara kwa misafara ya biashara tangu enzi za akina Tippu Tip, ndicho kilichokuja kuwa lugha ya kambi, ya polisi, ya soko na ya jikoni kwa Mzungu. Mtu wa Lamu au wa Unguja akikisikia Kiswahili hicho kwa mara ya kwanza huenda akakunja uso, maana ngeli zake zimepunguzwa na maneno ya Kifaransa yamekaa humo kama wenyeji. Lakini ni Kiswahili kilichokomaa katika joto la tanuri, na wanaokisema hawakukiazima kwa mtu, wamezaliwa nacho.

Lugha hiyo ilikuwa imekwisha kuzaa tarikhi kabla Tshibumba hajashika brashi. Mwaka 1965 mtu mmoja wa mji huo, André Yav, kwa niaba ya watumishi wa majumbani wenziwe, alitoa maandishi yaliyopigwa taipureta, yenye jina la Kifaransa linaloyatambulisha kuwa ni kamusi ya mji wa Elisabethville, hali ndani yake mna habari za mji huo tangu mwanzo wake, kama zilivyojulikana na wale waliopika, waliofua na waliolea watoto wa wakubwa. Bwana akizungumza mezani na mgeni wake, humsahau boi aliyesimama nyuma ya kiti; lakini boi hajasahau kusikia. Maandishi hayo yalizunguka mkononi kwa wachache, na hayakutoka katika kitabu mpaka mwaka 1990, yalipochapishwa pamoja na tafsiri na ufafanuzi na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani ambaye jina lake litarudi katika habari hii.

Sasa tuingie katika nyumba za watu. Katika sebule ya karani au fundi wa mgodini, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kulikuwa na viti, na meza yenye kitambaa, na ukutani picha moja au mbili zilizonunuliwa kwa mchoraji aliyepita mlangoni. Mwenye nyumba akiulizwa kwa nini ameitundika, alikuwa na neno moja la kujibu: ukumbusho. Wachoraji na wanunuzi wao walizigawa picha hizo kwa mafungu waliyoyafahamu vizuri: kulikuwa na mambo ya mababu, na mambo ya zamani za Wabelgiji, na mambo ya sasa, na kulikuwa na mambamuntu, yule binti wa majini mwenye nusu ya samaki, anayempa mtu utajiri na kumdai roho.

Picha iliyojulikana kuliko zote katika fungu la ukoloni iliitwa kwa Kifaransa Colonie Belge, na kila mchoraji alikuwa na yake, kwa namna ambayo ukiiona moja umezitambua zote. Ni ua wa gereza. Bendera ya Ubelgiji, nyeusi na manjano na nyekundu, inapepea juu ya mlingoti. Mfungwa amelazwa kifudifudi, nguo zake zimeshushwa, na askari mweusi mwenye kofia nyekundu ameinua kiboko, mjeledi uliochukua jina la mnyama ambaye kwa ngozi yake ulisokotwa. Na kando amesimama Mzungu mwenye sare nyeupe, akitazama, na aghalabu ana kiko mdomoni. Wafungwa wengine, katika mavazi ya milia, wanabeba na kusukuma. Na mara nyingi, pembeni kabisa, wapo wanawake waliomletea mfungwa chakula, wamesimama na vyombo vyao wakingojea kuruhusiwa. Daftari la gereza huandika jina la mfungwa, kosa lake na idadi ya viboko. Mwanamke yule aliyekuja na chakula hana safu katika daftari. Mchoraji alimpa mahali pake, na mwenye sebule, ambaye huenda mama yake mwenyewe aliwahi kungoja hivyo, alimtambua.

Kule Ulaya, nchi hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuchorwa kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 1930 gazeti la watoto la Brussels lilianza kutoa, juma hata juma, hadithi ya katuni juu ya safari ya Tintin katika Kongo, na mwaka 1931 ikatoka kitabu. Mchoraji wake, Hergé, hakuwa amekanyaga Kongo. Katika toleo la kwanza Tintin anaingia darasani kuwafundisha watoto weusi, na somo lake ni nchi yao ya asili, nayo ni Ubelgiji. Kitabu kilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946, somo likageuzwa kuwa hesabu. Nalitaja jambo hilo kwa sababu linaonyesha nguvu ya katuni: haihojiani na mtu wala haileti hoja, hupanga tu picha moja baada ya nyingine, na mtoto anayezifuata kwa kidole hujikuta amekubali mpango mzima kabla hajajua kuwa palikuwa na jambo la kukubaliwa. Silaha hiyo hiyo, ya picha zinazofuatana na maneno machache ndani yake, ndiyo aliyoishika Tshibumba, ila yeye aliishika kutoka upande wa pili wa darasa.

Mwishoni mwa mwaka 1973 mchoraji huyo, akitembeza bidhaa yake, alifika kwa Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu huko Lubumbashi na akizichunguza picha hizo za mitaani. Palikuwa na mauzo, kisha pakawa na mazungumzo, na katika mazungumzo ikadhihirika kwamba mchoraji alikuwa na jambo kubwa moyoni kuliko vipande alivyokuwa akiviuza: aliweza, kwa kauli yake, kuichora historia yote ya nchi. Fabian akamhimiza. Basi akawa anakuja na mafungu ya picha, rangi yake ikingali na harufu, wakizipanga na kuzitazama, naye akizieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga, ilhali tepurekoda inanasa. Mchoraji ndiye aliyechagua kianzio na mwisho. Mwalimu wa chuo kikuu ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Alianza kabla ya ukoloni, kwa wafalme wa kale na kuja kwa Wareno; akapita kwa wasafiri wa Kizungu na kwa biashara ya watumwa ya Waarabu, habari ambayo sisi wa pwani hatuna budi kuitazama pasipo kupepesa macho; akafika kwa Msiri. Huyu Msiri asili yake ni huku kwetu, upande wa Unyamwezi, aliyekwenda Katanga kwa njia ya biashara ya shaba na pembe akaishia kuwa mfalme wa Garenganze, na makao yake yakiwa Bunkeya. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa bastola na Kapteni Bodson, Mbelgiji aliyekuwamo katika msafara wa Wazungu ulioongozwa na Stairs, msafara uliobebwa na wapagazi na askari waliotoka Unguja. Na Bodson naye akapigwa risasi papo hapo, akafa. Kichwa cha Msiri kilikatwa, na wenyeji husimulia kwamba kila aliyekibeba hakupona. Mwandishi wa maktaba huiacha habari hiyo ya kichwa kwa kuwa haina hati. Kwa mchoraji ilikuwa ndiyo kiini, kwa maana inaeleza hesabu ambayo haijafungwa baina ya nchi na walioitwaa.

Kutoka hapo aliingia katika karne ya ishirini, na humo alimweka Simon Kimbangu, mhubiri wa Kongo ya chini, aliyekamatwa mwaka 1921, akahukumiwa kufa, hukumu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha, akasafirishwa mpaka Elisabethville akakaa gerezani miaka thelathini, na humo akafa mwaka 1951. Akaweka mgomo wa Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipodai mshahara wakati shaba yao ilikuwa ikihitajiwa mno kwa vita, wakakusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakapiga risasi. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, aliuawa hapo. Idadi ya waliokufa haijaafikiwa hata leo, serikali ikisema yake na wananchi yao. Watawala hawakujenga mnara mahali pale. Mtoto aliyezaliwa mjini humo mwaka 1947, kama Tshibumba, aliurithi mgomo huo kwa masikio, katika maongezi ya wakubwa baada ya kula. Na aliyoyapokea kwa masikio akayarudisha kwa macho.

Kisha ukaja mwaka 1960, na hapo picha zake zinasongamana, kama zilivyosongamana siku zenyewe. Tarehe 30 Juni nchi ikapata uhuru, na Patrice Lumumba, waziri mkuu, akasema mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji maneno ambayo hakuna aliyetazamia kuyasikia hadharani. Tarehe 11 Julai kiongozi wa Katanga, Moïse Tshombe, akatangaza kwamba jimbo hilo limejitenga. Tshibumba alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, na wazee wake ni Waluba wa Kasai, watu ambao katika Katanga ile waligeuzwa kuwa wageni wenye kutiliwa shaka; mwaka 1961 maelfu kwa maelfu yao walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa hapo hapo mjini. Mtu wa namna hiyo haandiki juu ya mfarakano wa nchi kama anayeandika juu ya mabadiliko ya ramani.

Lumumba alikamatwa Desemba 1960, na tarehe 17 Januari 1961 akasafirishwa kwa ndege mpaka Elisabethville, pamoja na wenziwe Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakapigwa, na usiku ule ule wakapigwa risasi porini. Baadaye maiti zao zilifukuliwa, zikakatwa, zikayeyushwa kwa asidi, ili pasiwe na kaburi la kwenda kulilia. Katika picha ambayo labda ndiyo mashuhuri kuliko zake zote, Tshibumba aliwachora hao watatu wamelala chini wakitoka damu, na nyuma yao, mbali, misalaba mitatu juu ya kilima. Maana haihitaji mkalimani katika nchi ya wasomao Injili: alimfananisha Lumumba na Yesu, na wenziwe wawili wakawa pamoja naye katika Golgota. Mwenye kutaka hati atasema kwamba misalaba hiyo haikuwapo, na atasema kweli. Lakini waliowaua walikuwa wamejitahidi kuondoa kila alama ya mahali pale, na mchoraji, akikuta mahali pasipo alama, alitia yake.

Hapa ndipo penye mgogoro wa siku zote baina ya msomi na msimulizi. Picha za Tshibumba zina tarehe zilizokosewa, na watu waliowekwa mahali ambapo vitabu haviwaweki, na imla ya Kifaransa ambayo mwalimu wa shule angeitia wino mwekundu. Yeye hakutaka kusahihishwa kwa mizani hiyo tu. Picha, kwa rai yake, kazi yake ni kumfanya mtu awaze. Wala asidhaniwe kuwa alikuwa na ulimi usio na mwiko: alikuwa akichora chini ya Mobutu, aliyetwaa madaraka Novemba 1965, akaibadili nchi jina kuwa Zaire mwaka 1971, akawaamuru watu waache majina ya ubatizo, na chama chake kikawa ndicho chama pekee. Chini ya utawala wa namna hiyo, mtu anayejitolea kupanga habari za nchi nzima kwa fikra zake, na kumwinua Lumumba juu ya wakubwa wote, amekwisha kusema jambo, hata kama kila picha ikitazamwa peke yake ni ya adabu na haina la kushitakiwa.

Nguvu yake ilikuwa katika kufuatana huko. Wenziwe wote walijua kuchora Colonie Belge, na wengi walimchora Lumumba; picha moja moja hizo zilikuwa ukumbusho, kila sebule na wake, kama vile kila nyumba ina picha ya marehemu wake. Zilipowekwa mia na moja katika safu, swali likageuka. Kiboko cha gerezani kikawa kimetanguliwa na kichwa cha Msiri na kufuatwa na risasi za uwanja wa mpira. Risasi za uwanja wa mpira zikawa zinaelekea porini, Januari 1961. Na aliyezifuata kwa jicho, hata kama hajui kusoma maneno yaliyoandikwa humo, alilazimika kuziba mwenyewe nafasi iliyo baina ya picha na picha, kwa kujiuliza imekuwaje kutoka hii kufika ile. Katika nafasi hiyo tupu ndimo historia inamokaa. Mwenye kuchora katuni huijua siri hiyo kwa kazi ya mikono. Tshibumba, aliyeigundua kwenye magunia ya unga, aliitumia kuthibitisha kwamba mtu wa chini anaweza kuwa na zaidi ya machungu ya kueleza: anaweza kuwa na hoja.

Mwisho wa habari yake ni mfupi. Bei ya shaba ilianguka mwaka 1974 na 1975, na pamoja nayo ikaanguka mishahara, na mtu asiye na unga hanunui picha iliyochorwa juu ya gunia lake. Soko la ukumbusho likafifia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari za Tshibumba zikakatika, na hakuonekana tena. Picha zake mia na moja zilikwenda Ulaya, zikahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tropenmuseum huko Amsterdam. Na mwaka 1996 zikatoka katika kitabu cha Fabian, pamoja na masimulizi ya mchoraji, yakiwa yamefasiriwa kwa Kiingereza. Hivyo tarikhi iliyotungwa kwa ajili ya sebule za Lubumbashi husomwa zaidi na watu wasiojua harufu ya Lubumbashi, nalo ni jambo la kusikitisha, ingawa bila ya hilo huenda isingesalia kabisa.

Mwezi Juni 2022, katika mji wa Brussels, serikali ya Ubelgiji iliwakabidhi jamaa wa Lumumba jino moja, lililokuwa limechukuliwa na kuwekwa na polisi mmoja wa Kibelgiji aliyeshiriki katika kuiangamiza maiti yake. Likatiwa katika jeneza, likarudishwa Kongo, likatembezwa nchini, likazikwa kwa heshima za taifa, baada ya miaka sitini na moja. Ilikuwa haki, na ilichelewa. Lakini jino ni salio: halisemi lilitoka wapi wala linakwenda wapi, mpaka mtu alisemee. Ile picha ya watu watatu na misalaba mitatu ilikuwa imekwisha kuchorwa karibu nusu karne kabla, na mchoraji wake alikuwa amekwisha kuipangia iliyoitangulia na iliyoifuata.